Mizani Niliyoisoma kwa Sauti

Baba Chebet,

Kazi nimepoteza. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na robo asubuhi, na ilichukua dakika sita tu kutoka nilipoitwa ofisini mpaka niliporudisha kofia, koti la kung'aa na kadi ya getini. Nimeanza na hilo ili usilitafute katikati ya barua. Pia sitaki ulisikie kwanza kwa dada yako Chelangat, ambaye aliniuliza jana nikamwambia, kwa sababu siwezi kumdanganya mtu ambaye amenilelea mtoto.

Sasa salamu. Chamgei, baba. Mko wazima hapo Merigi? Mguu wa mama unakanyaga chini au bado anashika ukuta? Yule ng'ombe wa madoa amezaa? Mvua ya saa nane bado inakuja saa nane, ama nayo siku hizi inajiamulia? Mimi mwili uko sawa. Nakula, nalala, sina homa.

Naandika kwa mkono, halafu nitapiga picha kurasa zote nizitume kwa simu ya Chebet. Kwa simu nimekuambia mara tatu kwamba kuna jambo nataka tuzungumze, na mara tatu mtandao wako umepotea palepale. Barua haikatiki. Chebet mwanangu, ukimpa baba simu mwachie asome peke yake, wewe nenda ukaangalie maziwa.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu najua Chelangat atakuwa ameongeza chumvi.

Unajua kazi yangu huku ng'ambo, hapa bandarini, ilikuwa kuhakiki mizigo. Kontena likifunguliwa, mimi nasimama na karatasi, nahesabu makasha, nalinganisha na iliyoandikwa. Kilo zenyewe huwa hatuzishughulikii, mitambo hupima na skrini huonyesha. Miaka mitano na nusu, mikataba ishirini na miwili ya miezi mitatu mitatu, na tangu nishike karatasi sijawahi kukosea hesabu hata kasha moja. Waliniweka hapo baada ya mwaka wa kwanza wa kufagia, na hakuna aliyenishika mkono. Niliomba mwenyewe, kwa lugha yao niliyojifunza kwenye vibandiko vya mizigo.

Siku hiyo mitambo ilikuwa imezima. Mkubwa wa zamu akasema tutoe ile mizani ya zamani ya sakafuni, yenye uso wa saa na mshale, tupime kasha moja moja kwa kila mzigo. Baba Chebet, sijasimama kando ya mizani ya mshale tangu nilipoacha kituo cha kununua majani ya chai. Miaka saba niliyofanya ukarani pale kituoni, watu wakipanga foleni na magunia, ulinikuta hapo. Unajua karani anafanya nini. Anaangalia mshale, anasoma kilo kwa sauti, ili mwenye majani asikie na walio nyuma yake pia wasikie. Kwetu kilo ambayo haijatangazwa ni kilo ambayo mtu atakuja kuigombania.

Huku hakuna anayesoma kwa sauti. Kila mtu huandika chake na kunyamaza.

Mzigo wa kwanza ulikuwa makasha arobaini na manane. Karatasi ilisema vipuri vya trekta, kilo thelathini na tano kila kasha. Vijana wakaweka moja juu ya mizani, mshale ukapanda, na mdomo wangu ukafanya kazi yake ya zamani kabla sijaufikiria. Nikatangaza kwa lugha yao, kwa ile sauti ya kituoni: "Sitini na moja!" Halafu nikasoma na ya karatasi, kama ilivyo ada: "Thelathini na tano!"

Kituoni hapo watu wangeanza kelele. Huku wote waligeuka wakaangalia mshale. Tofauti ni kilo ishirini na sita. Zidisha kwa arobaini na nane upate kilo elfu moja mia mbili arobaini na nane ambazo karatasi haikuzijua. Trekta gani hiyo.

Kuna mzee anayeendesha mashine ya kuinua mizigo, anaitwa Bruno. Miaka sitini na tatu, magoti mabovu, kiongozi wa chama cha wafanyakazi upande wetu wa gati. Wao ni watu wa mrengo wa kushoto, hawafichi. Ofisi yao ina bendera nyekundu kubwa kama shuka la kitanda. Bruno alizima mashine, akaja polepole, akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akaniuliza makasha mangapi, nikamwambia. Akamwambia mkubwa wa zamu kwamba hakuna kitu kitakachosogea mpaka mkaguzi aje afungue.

Mkaguzi alifungua. Ndani kulikuwa na vyuma vya shaba vilivyopangwa kama mayai kwenye trei. Ni vichwa vya kuwashia mabomu ya mizinga. Na karatasi ilikuwa na jina la bandari ya kushushia, ile bandari ya nchi ambayo jeshi la kigeni limeikalia huu mwaka wa tatu, ile mnayoisikia kwa redio kila saa moja jioni. Wewe unaijua hiyo bandari. Nitakuja hapo.

Wanachama wakaenda ukumbi wa chakula, watu mia mbili ishirini na wanne. Bruno akapanda juu ya benchi. Sikuelewa kila neno lakini nilielewa ya kutosha. Alisema: "Tumepakia nyanya, tumepakia magari, tumepakia hata viatu vya bibi harusi. Hivi hatupakii." Mmoja wa nyuma akamuuliza kama yeye ndiye atakayelisha watoto wake. Bruno akamjibu kwamba hapana, lakini pia hataki watoto wake walishwe na hivyo vyuma. Wakacheka, lakini si wote. Wakaniita nihesabu mikono kwa sababu walisema huyu mama wa Kenya hakosei. Mia mbili na kumi na wawili wakakubali kugoma, tisa wakakataa, watatu wakaangalia sahani zao.

Mkono wangu haukuwa kwenye hesabu hiyo. Mimi si mwanachama. Waajiriwa wa wakala, wa mikataba midogo, hatupigi kura. Lakini nilisimama nao getini siku nne, tena mvua ya huku haina saa, inanyesha tu kama mtu anayelalamika. Walileta ngoma, wakaimba kwamba majeshi yarudi kwao, kwamba nchi ya watu ni ya watu. Mwanamke mmoja mwalimu alinifunga kitambaa chekundu mkononi. Nilifurahi, sitakudanganya. Nilijisikia kama siku ile wachunaji wa zone yetu walipoweka vikapu chini wote kwa sababu majani ya mama Sigei yalikataliwa bila kuangaliwa.

Siku ya tano kampuni ikasema kontena hilo halitapita hapa. Watu wakashangilia, wakarudi kazini. Siku ya sita nikaitwa ofisini. Barua yao ina mistari minne: nimetangaza habari za mzigo wa mteja mbele ya watu wasiohusika, na mkataba hautaendelea. Hakuna mwingine aliyeguswa. Wao wana chama, mimi nina wakala.

Nilimwambia Bruno maneno yangu. Nilimwambia mnaimba vizuri sana juu ya watu wanaokaliwa huko mbali, lakini miaka mitano na nusu sijasikia wimbo hata mmoja juu ya mikataba ya miezi mitatu. Akasema ni kweli na ni aibu yao. Wamenitafutia wakili. Wakili anasema kesi ni nzuri, itachukua mwaka na nusu, na naweza kukaa huku nikiingoja.

Tena usifikiri nimesimamisha vita. Kontena lilipita bandari nyingine wiki iliyofuata, tumepata habari. Nilichelewesha makasha arobaini na manane kwa siku nne, basi. Lakini hizo siku nne ni zangu, na hakuna wa kuniambia nizirudishe.

Sasa tuje kwako.

Chebet amenitumia picha za fomu zako. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo, baada ya Chelangat kuniuliza kama nimekubali uende. Niende nikubali wapi? Mimi ndiye mtu wa mwisho kusikia kwamba mume wangu amepita mahojiano Bomet, amepimwa damu, na ameambiwa ajitayarishe kuendesha lori la maji kwenye kambi ya lile jeshi. Nilikuuliza mara moja, kabla mtandao haujapotea, ukanijibu: "Mimi siendi kupigana vita ya mtu, mama. Ni lori ya maji tu. Maji inakosea nani?"

Nimesoma kurasa zote kumi na nne. Ulizisoma wewe? Neno hatari limeandikwa mara kumi na saba. Neno likizo mara moja. Ukurasa wa tisa unasema ukifa mwili utarudishwa hali ikiruhusu. Haijasemwa hali ya nani. Ukurasa wa kumi na moja unasema wanaweza kukuhamisha kwa kazi nyingine yoyote ya kambi, kwa hiyo hilo lori la maji ni la ukurasa wa kwanza tu. Na ukurasa wa pili unataja mahali pa kuripoti. Ni bandari ileile. Jina lilelile nililolisoma kwenye karatasi ya vipuri vya trekta.

Mtu na mke wake. Mmoja anafukuzwa kwa kuzuia vyuma visiende, mwingine anakwenda kuwapelekea maji wanaovitumia.

Najua kwa nini unaenda. Chelangat ameniambia wanavyokuita pale sokoni, meneja wa nyumba. Ati mama anatafuta, baba anapika. Najua hao wanaocheka, na najua wengine wao hawajachuna hata kilo kumi tangu Januari. Nilipaswa kuuliza mapema jambo hilo linakuuma kiasi gani. Sikuuliza kwa sababu niliogopa utasema nirudi, na wakati ule sikutaka kurudi nikiwa na nusu ya nilichokifuata. Hapo nimekukosea. Niliwahi kukuuliza kwa simu umepika nini leo, nikicheka, na ukanyamaza. Nimekumbuka kunyamaza kwako mara nyingi.

Lakini hili la kambi siwezi kulinyamazia, na si kwa sababu ya maneno ya Bruno. Ni kwa sababu ya Kogo wako, nyanya yako.

Unakumbuka alivyotupeleka ule mwaka Chebet alipozaliwa, tukasimama kwenye ua wa estate ya chai, akatuonyesha kwa fimbo ile mikaratusi mitatu. Akasema boma lao lilikuwa hapo, zizi hapo, na kinu cha mama yake kilikuwa pale ambapo sasa trekta hugeuzia. Wewe ulikuwa umeshaisikia hadithi hiyo mara mia, ukaanza kutafuta ishara ya simu. Mimi nilikuwa mgeni kwa nyumba yenu, kwa hiyo nilisikiliza mpaka mwisho.

Alisema walikuja mzungu mmoja na askari weusi wanane. Sura ya mzungu hakuikumbuka. Aliyemkumbuka ni askari mmoja kijana, aliyekuja mlangoni akaomba maji. Kogo alikuwa msichana mdogo wa kubeba kibuyu. Alimpa. Yule askari akanywa, akashukuru kwa lugha ambayo hawakuijua, akaonyesha kwa vidole kwamba naye ana watoto watatu kwao mbali, na kwamba hapa yuko kazini tu. Kogo akaniambia hivi, na sauti yake naisikia mpaka leo: "Alirudisha kibuyu vizuri, hakukivunja. Halafu akawasha nyumba."

Baba yako alichuna chai miaka ishirini na minne juu ya ardhi hiyo, kwa kikapu cha wenyewe. Alikuwa akipita mikaratusi hiyo kila asubuhi. Hakuna mtu kwa nyumba yenu aliyewahi kujua jina la yule askari, au kwao, au kama watoto wake watatu walisoma. Labda alikuwa mtu mzuri. Labda alikuwa na mke aliyemwandikia. Kwa nyumba yenu atabaki kuwa aliyewasha moto.

Kule unakokwenda kuna msichana mwenye kibuyu, Baba Chebet. Sijui kwao wanatumia kibuyu au mtungi. Atakuangalia ukiwa ndani ya lori, na hatajua chochote kuhusu Merigi, wala kwamba unapenda watoto, wala kwamba ulikuja kazini tu. Sitaki uso wako uwe ndio atakaoukumbuka akiwa na miaka themanini.

Nimemaliza hilo.

Sasa hesabu yetu, ya mimi na wewe. Nimekuwa huku miezi sitini na sita. Katika hiyo nimekuja nyumbani mara moja, siku ishirini na nne, na mbili kati ya hizo tulikuwa kwenye mazishi ya mjomba Sigowet. Mkataba wako ni miezi kumi na minane. Jumlisha, ni themanini na minne. Miaka saba kamili. Tumeoana miaka kumi na sita.

Na nikuambie ninachokumbuka, maana hesabu peke yake haitoshi. Nakumbuka unavyokohoa mara mbili ukifika getini, ili watu wajue umefika. Huku watu hubonyeza kengele. Nakumbuka ile harufu ya majani yanayonyauka, upepo ukitoka upande wa kiwandani, kama tufaha lililoachwa juani. Huwa nasimama dukani mbele ya tufaha nikinusa, mpaka muuzaji ananiuliza kama nitanunua. Nakumbuka mursik wa mama, yale maziwa lala ya kibuyuni, na vile mkaa wa mti wa senetwet unavyobaki kwenye mdomo wa juu, na wewe unanifuta kwa kidole gumba bila kusema kitu, kama unafuta vumbi kwa kioo. Nimejaribu kutengeneza maziwa lala huku kwenye chupa ya soda. Yaliharibika. Niliyanywa hivyo hivyo.

Chebet nilimwacha akinifikia kifuani. Juzi kwenye video alisimama kando yako na akakupita bega. Kimo hicho chote kimepanda mimi nikiwa nahesabu makasha.

Kwa hiyo wakili nimemwambia asante, kesi aifanye nikiwa kwetu au aiache. Bruno alinuna kidogo, kisha akasema mtu ana haki ya kuwa kwao, na hilo ndilo walikuwa wakiliimba getini. Wananiandalia chakula Jumapili. Ndege yangu inafika Jumatano ijayo, tiketi nimeshakata, sikuombi ruhusa. Nina akili, nina mikono, na kile kituo cha majani kinatafuta karani, nimeshapiga simu kuuliza. Tutaongeza michai pale chini ya nyumba ambapo mahindi hayakai vizuri. Hao wa sokoni wakikuita meneja, waambie meneja amepata mfanyakazi.

Ukienda, bado nitarudi, kwa sababu Chebet lazima awe na mmoja wetu. Lakini nitakuwa nimerudi kwa nyumba, si kwako. Ujue tofauti hiyo kabla hujaweka sahihi.

Nisalimie mama, mwambie mafuta ya mguu ninayo kwenye begi tayari. Msalimie Chelangat, dada yako aliyekuwa mama wa mtoto wangu kwa miezi sitini na sita, na sina zawadi ya kutosha kwa hilo. Mzee Tonui jirani, anayetusaidia kuchuna zamu ya Ijumaa, mwambie nimemletea kofia. Na pastor, mwambie aendelee kuomba, lakini asiombee safari yako mpaka mimi na wewe tuzungumze.

Gari la ajenti wa hiyo kazi ya kambi linatoka Bomet Jumamosi asubuhi. Nataka jibu lako Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, saa za huko. Sitaki utume Chelangat, sitaki uandike tutaona, sitaki mtandao upotee. Neno moja tu lililoandikwa na mkono wako, Chebet apige picha.

Jumatano nikishuka pale getini na mabegi yangu mawili, utakuwepo au hutakuwepo?

Mke wako,
Rosa, Mama Chebet